"Neuköln": wimbo usio na neno hata moja

Asubuhi ya tarehe 11 Januari 2016, habari ya kifo cha David Bowie ilitukuta jikoni, mwishoni mwa zamu ya usiku, tukisubiri wenzetu wa mchana waje kutupokea. Alikuwa amefariki siku iliyotangulia, siku 2 tu tangu atimize miaka 69. Redio ikapiga "Heroes", watangazaji wakazungumza kidogo, wakaupiga tena. Siku nzima Berlin ilikuwa na wimbo huo mmoja, ule wa wapenzi wawili kando ya Ukuta uliowahi kuligawa jiji.

Nilikuwa msaidizi wa uuguzi katika makao ya wazee upande wa kusini wa jiji, na nilikuwa na mwaka mmoja na ushei Ujerumani. Bowie nilimjua kama wengi wetu tunavyomjua: mume wa Iman, yule mwanamitindo wa Kisomali aliyeonekana mara ya kwanza akiwa mwanafunzi Nairobi. Muziki wake sikuwa nimeufuatilia kabisa.

Muuguzi niliyeshika naye zamu, Mjerumani aliyebakiza miaka michache astaafu, alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akainuka, akaizima redio. "Watapiga huo huo mpaka wiki iishe," akasema. "Wewe si unakaa Neukölln? Kesho nitakuletea wimbo wa mtaa wako."

Usiku uliofuata akaja na santuri yenyewe, ya mwaka 1977, jalada limekwisha pembe. Sebule ya wazee ilikuwa na gramafoni iliyotumika siku za Jumapili. Saa nane usiku, tulipokwisha kupita vyumba vyote, akaiweka santuri upande wa pili na sauti akaishusha chini kabisa. Kabla ya sindano kugusa akanionyesha jina kwa kidole: "Neuköln". "L moja," akasema. "Mtaa wenyewe una mbili."

Kama hujawahi kuusikia, si ajabu. Uko karibu na mwisho wa albamu, nayo pia inaitwa "Heroes", ni wa tisa kati ya nyimbo kumi, upande ambao karibu wote hauna uimbaji. Mtu anayenunua albamu kwa ajili ya ule wimbo mkubwa huishia upande wa kwanza. Bowie aliutunga na mwanamuziki mwenzake, Brian Eno, na unachukua dakika 4 na nusu hivi. Unaanza bila kuanza: sinthesaiza zinavuma kwa chini kama upepo kwenye korido ndefu ambayo milango yake yote imefungwa. Kisha inaingia saksofoni, anayoipiga Bowie mwenyewe, kwa kuwa ndicho chombo alichojifunza tangu utotoni. Haitembei kama saksofoni ya jazi. Inajizungusha, inapinda, inarudi pale pale, na mipindo yenyewe ni ya Mashariki, ile ambayo sikio lililokulia kwenye taarabu na adhana linaitambua mara moja. Ila hapa imeng'olewa mahali pake. Ni kama mtu anayeikumbuka adhana ambayo hajaisikia kwa miaka kumi, akajaribu kuirudia peke yake na kukosea.

Halafu unakuja mwisho. Mivumo yote inarudi nyuma, saksofoni inabaki peke yake, inapiga yowe refu lenye mwangwi, linapanda, linavunjika, linashuka. Basi.

Nilikaa kimya. Yule mwenzangu alidhani sijaupenda. Ukweli ni kwamba lile yowe nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalisikia kila alfajiri katika chumba cha mwisho cha korido yetu.

Katika chumba kile alikuwepo mzee wa Kituruki niliyemwita Amca, maana Waturuki humwita hivyo mtu mzima wa rika la baba zao wadogo na wakubwa. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na ugonjwa ule ulikuwa umeondoka na Kijerumani chake. Wauguzi wanalijua jambo hili vizuri: lugha uliyojifunza ukubwani ndiyo inayotangulia kupotea, na ile ya mama inabaki mpaka mwisho. Alikuwa ameishi Ujerumani zaidi ya miaka 40, na sasa hakuweza kuomba maji kwa lugha ya nchi.

Kila siku, saa kumi alfajiri, Amca aliamka na kupaza sauti. Ilianza chini, ikapanda, ikakatika, kisha ikashuka na kufifia. Tulikuwa na daftari la ripoti ambalo kila zamu huandika yaliyotokea, na kwa miezi mingi, kwa mwandiko wa watu mbalimbali, mstari wake ulikuwa uleule: anapiga kelele alfajiri, hakuna sababu inayoonekana. Mwandiko wangu umo humo mara nyingi. Niliingia chumbani, nikamfunika, nikampapasa mkono, nikasema maneno mawili matatu ya Kijerumani kwa sauti ya upole, nikatoka na kuurudisha mlango. Siku nyingine sikuingia, kwa sababu wagonjwa walikuwa 30 na sisi tulikuwa wawili.

Usiku ule, baada ya santuri, ilipofika saa kumi nilikuwa tayari nimesimama mlangoni kwake. Sijui nieleze vipi. Ile saksofoni ilikuwa imenifanyia kitu masikioni. Kwa mara ya kwanza sikumsikiliza ili nimnyamazishe. Nilivuta kiti, nikakaa, nikamsikiliza mpaka akamaliza, naye aliporudia nikasikiliza tena. Mara ya tatu nikasikia kwamba mle ndani kuna silabi. Si yowe. Ni maneno mawili yaliyovutwa sana hadi yakapoteza umbo. Nikatoa kalamu, nikaandika kiganjani kama nilivyosikia: *gech kaldim*.

Binti yake alikuja Jumamosi, kama kawaida yake. Ni mtu mzima kuliko mimi, na nilimwita Abla, dada mkubwa. Nilimwonyesha lile neno, safari hii likiwa kwenye karatasi. Alilisoma, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akakaa muda.

"Geç kaldım," akasema. "Nimechelewa. Anasema amechelewa."

Zamu ya asubuhi ya kiwanda chao cha vifaa vya umeme ilianza saa kumi na mbili. Kwa miaka karibu 30 Amca aliamka saa kumi ili awahi. Tulichokuwa tukikiandika kuwa ni kelele zisizo na sababu kilikuwa ni mfanyakazi anayehofia kazi yake.

Tangu siku hiyo tulibadili utaratibu. Saa kumi kasorobo mmoja wetu aliingia, akawasha taa ndogo, akampa kikombe cha chai na kumwambia kwa Kituruki alichotufundisha Abla kwamba leo ni Jumapili. Kila siku ikawa Jumapili. Alikunywa chai akalala tena. Si kila mara, lakini mara nyingi.

Nilianza kuutafuta ule wimbo kwa bidii, na kusoma ulikotoka. Bowie alihamia Berlin Magharibi mwaka 1976 akikimbia madawa ya kulevya yaliyokuwa yakimmaliza Marekani. "Heroes" ndiyo pekee kati ya zile albamu zake tatu za kipindi hicho iliyorekodiwa yote Berlin, katika studio za Hansa, mtaa wa Köthener Straße, karibu kabisa na Ukuta. Kutoka dirishani waliuona mnara wa walinzi wa Ujerumani Mashariki. Yeye mwenyewe hakuishi Neukölln. Alipanga Hauptstraße namba 155, mtaa wa Schöneberg, na alieleza baadaye kwamba katika wimbo ule alikuwa akiwafikiria Waturuki wa Neukölln, jamii aliyoiona imetengwa na kuishi katika hali duni.

Nao walifikaje? Ukuta ulijengwa tarehe 13 Agosti 1961, na wafanyakazi waliokuwa wakivuka kutoka Mashariki wakakatika siku moja. Mwaka huo huo, tarehe 30 Oktoba, Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuajiri vibarua. Waliitwa Gastarbeiter, wageni wafanyakazi. Mwanzoni ruhusa yao ilikuwa ya miaka 2 tu, kisha warudi waje wengine, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1964 kwa sababu wenye viwanda hawakutaka kila mara kuanza upya kufundisha watu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwao jembe lilitangulia: mtu alipimwa afya na kutiliwa mkataba Istanbul kabla hajaiona nchi yenyewe. Ugeni ndio uliofuata, nao haukwisha.

Nilipoyajua haya, kila nilipotoka kazini niliuweka wimbo masikioni na kutembea nao nyumbani. Hapo ndipo nilipoanza kugombana nao kidogo. Neukölln ninayoipitia mimi haikuwa korido yenye milango iliyofungwa. Sonnenallee saa tatu asubuhi ni makelele ya maduka yanayofunguliwa, watoto wanaochelewa shule, mikate inayotoka tanuruni. Mwaka 2015 Ujerumani ilikuwa imepokea waomba hifadhi takribani 890,000, wengi wao kutoka Syria, na mtaa ule ulikuwa ukibadilika mbele ya macho yetu, mbao mpya za Kiarabu juu ya maduka kila mwezi. Ukikata kushoto ukaingia vichochoro vya Rixdorf, unakuta nyumba za chini chini za wakimbizi wa kidini kutoka Bohemia waliopewa ardhi na mfalme wa Prussia mwaka 1737. Eneo lote liliitwa Rixdorf hadi 1912, lilipobadilishwa jina ili kulisafishia sifa, kwa sababu lilikuwa limevuma kwa ulevi na anasa. Kwa hiyo mgeni Neukölln si habari mpya. Mtaa umejengwa na wageni juu ya wageni.

Siku moja nilimweleza Abla habari za wimbo. Nilimwambia kuna mwanamuziki mkubwa alitunga kitu kuhusu watu wa mtaa wao, zamani, baba yake alipokuwa bado kijana. Nilidhani atafurahi. Akanisikiliza mpaka nilipofika kwenye huzuni na kutengwa, uso ukabadilika.

"Mwaka 1977 mimi nilikuwa mtoto, nacheza hapo uani," akasema. "Tulikuwa familia sita kwenye ngazi moja, choo cha pamoja. Makaa ya mawe tuliyabeba sisi watoto. Ndiyo, ilikuwa dhiki. Lakini harusi za baba yangu na wenzake zilikuwa zinaisha asubuhi. Huyo mtu alipanda ngazi zetu? Alikula kwetu?"

Sikuwa na jibu. Aliishi vituo vichache tu kutoka kwao na ngazi zile hakuzipanda, au kama alizipanda, wimbo hausemi. Na nikaona kwamba mimi pia, pamoja na kuishi mle mle, nilikuwa nimempa Amca huzuni nzima kabla ya kumpa hata dakika moja ya furaha. Nilijua anachelewa kazini. Sikuwa nimeuliza alicheza vipi kwenye harusi. Nilimuuliza Abla pale pale, naye akasimama akanionyesha: mikono juu, vidole vinaalika, magoti yanakunjwa kidogo. Amca kutoka kitandani akamtazama, akainua mkono mmoja.

Baadaye kidogo Abla mwenyewe ndiye aliyesema tumpigie huo wimbo, tuone. Nilisita. Niliogopa utamsumbua, maana kwangu mimi ulikuwa wimbo wa maumivu yake. Nikauweka kwenye simu, nikaiweka juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio lake. Mivumo ya mwanzo haikumgusa kitu. Saksofoni ilipoanza kujizungusha, akakunja uso kama mtu anayesikia kinanda chenye sauti zisizopatana. Dakika ya tatu nikanyoosha mkono niizime. Abla akanizuia.

Lilipokuja lile yowe la mwisho, Amca akafumbua macho yote mawili. Akasema kwa sauti safi, isiyovutwa: "Vapur."

Abla akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Vapur ni kivuko, meli ndogo ya abiria inayovusha watu Bosphorus, mkondo wa bahari unaoikata Istanbul. Amca aliondoka kijijini kwao Anatolia mwaka 1969. Alifika Istanbul kwa treni, stesheni ya Haydarpaşa, upande wa Asia. Treni ya kwenda Ulaya iliondokea Sirkeci, ng'ambo ya maji, na daraja la kwanza juu ya Bosphorus lilikuwa bado. Lilifunguliwa mwaka 1973. Kwa hiyo alivuka kwa vapur, na sanduku la mbao miguuni. Hakuwa ameona bahari maisha yake yote. Meli ilipopiga honi aliruka kwa hofu, na abiria wengine wakamcheka, naye akacheka pamoja nao. Hadithi hiyo, Abla alisema, alikuwa akiwasimulia watoto wake kila mara, na akifika kwenye honi anaiigiza, mdomo wazi, sauti inapanda, inavunjika, inashuka.

Nimeshasoma mengi yaliyoandikwa juu ya wimbo huu. Wapo wanaosema ile saksofoni ni kama honi ya meli kwenye ukungu. Kwa hiyo Amca hakuwa peke yake kulisikia hilo. Lakini yeye hakusikia *kama* meli. Alisikia meli fulani, asubuhi fulani, akiwa na miaka ishirini na kitu, na kicheko ndani yake. Katika wimbo ambao aliyeutunga aliukusudia uwe wa huzuni ya watu kama yeye, mzee yule alichukua sekunde chache za mwisho, akazifanya zake, akaacha zilizobaki.

Mtunzi wa Kimarekani Philip Glass aliutumia wimbo huu katika simfonia yake ya nne ya mwaka 1996, aliyoijenga kwa nyimbo za albamu ile. Niliitafuta nikaisikiliza kwa makini. Ni kazi nzuri, imepangwa, inang'aa. Ila mimi narudi kwenye ule wa 1977, kwa sababu mle kuna pumzi ya mtu mmoja, na pumzi yenyewe inakaribia kukatika.

Agosti 2016 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye nyumba ya Hauptstraße 155. Nilikwenda kukitazama siku ya mapumziko. Ni nyumba ya kawaida kabisa, magari yanapita mbele yake bila kusimama. Wakati wa kurudi nikapanda treni ya chini ya ardhi, U7, stesheni ya Kleistpark na, treni ilipoondoka, nikaubonyeza wimbo. Yorckstraße, Möckernbrücke. Tulipofika Mehringdamm yowe la mwisho lilikuwa linafifia. Bado vituo vitatu hadi Hermannplatz, ambapo Neukölln inaanzia. Wimbo ulikuwa umekwisha kabla sijafika. Niliirudia safari ile mara kadhaa, na kila mara ni hivyo hivyo.

Amca alifariki mwezi Novemba, usingizini, kabla ya saa kumi. Alisaliwa kwenye msikiti wa Şehitlik, ule wenye minara miwili meupe kando ya uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof. Ukisimama nje yake unayaona mabanda makubwa ya ndege ambamo, mwaka mmoja kabla, walikuwa wamepewa hifadhi Wasyria waliotoka kuwasili. Walikuja wanaume wengi wazee, wenzake wa kiwandani, makoti mazito, kofia mkononi. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza kwa Kijerumani kama ni mimi niliyekuwa nikimwambia kila siku ni Jumapili.

Jeneza lilisafirishwa kwa ndege kwenda Ankara, na kutoka hapo kijijini. Abla alirudi baada ya wiki mbili. Jioni moja akaniandikia kwenye simu, akauliza ule muziki wa vapur unaitwaje, anataka kuwasikilizisha ndugu zake. Nikamtumia, na chini yake nikaandika jina kama lilivyo kwenye jalada: Neuköln.

Jibu likaja hapo hapo.

"Asante, canım. Lakini sisi tuna l mbili."